Mawe Juu ya Bati

Mume wangu Wepukhulu alikuwa fundi mbao, na mwaka ule wa sabini na nne nilitamani kumfunga miguu kwa kamba. Hakai! Anatoka mlangoni, anarudi, anachungulia juu ya bati, anatoka tena. Kaloleni nzima, mtaa wetu, ilikuwa imeshamzoea.

Huko juu ya bati alikuwa ameanika mawe. Mawe ya tochi, yaani betri, yakiisha, sisi sote huyaanika juani yapate nguvu kidogo. Lakini haya yalitoka ndani ya mashine yake ya kutoboa mbao, ile isiyo na waya, aliyoachiwa na kontrakta mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Tangu aanguke kutoka paa la nyumba huko Nyamasaria, mkono wake wa kulia uliovunjika uliunga vibaya, hakuweza tena kuzungusha keekee ya mkono. Mashine ile ndiyo iliyomrudisha kazini. Sasa ilikuwa inakoroma mara moja na kunyamaza, na mashua aliyokuwa akimuundia Opiyo pale ufukweni Dunga ilikuwa imefika nusu tu, ikimngoja.

Dishon, fundi wa redio, alimwambia wazi. "Mzee, hizi si mawe za tochi. Hizi hujazwa na stima, na imekufa. Hata ukianika mpaka Krismasi! Mpya niko nayo. Nikubadilishie?"

"Nitafikiria," akasema Wepukhulu.

Kufikiria gani? Asubuhi anasema mashine imezeeka, ya nini kuitia kitu kipya. Mchana anasema hapana, chuma cha zamani ndicho chuma. Jioni anapanda juu ya kiti kugeuza mawe yake kama mtu anayegeuza dagaa wa omena juani. Nilikereka, jamani! Opiyo alishatuma neno kwamba Wepukhulu asipoonekana kabla ya Jumapili, atatafuta fundi mwingine. Kazi ile ikipotea, ni kufunga virago turudi Bungoma tukawategemee ndugu zake, na hilo sikulitaka hata kidogo.

Nikamvaa mume wangu. "Baba Metrine, unaogopa nini? Mawe yapo, Dishon yupo, kazi ipo!"

Akakaa, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akauweka mkono wa kulia juu ya meza. Vidole vilikuwa vinatetemeka.

"Kabla mashine haijafa," akasema, "nilishaharibu mbao mbili za Opiyo. Tundu inaenda upande. Nikasema ni mawe imechoka." Akautazama mkono ule. "Sasa nikiweka mapya, na tundu iende upande tena, nitalaumu nini?"

Hasira yote ikaniisha. Nilitaka kulia, lakini ningelia angetoka nje tena.

"Utanilaumu mimi," nikamwambia. "Si mimi niliyekulazimisha?"

Nikajifunga leso, nikaibeba mashine, nikaenda mimi mwenyewe kwa Dishon akaitie mawe mapya.