Binti Aliyekimbilia Migombani

Mama yangu aliamini kwamba mwongo hawezi kumeza vizuri. Ukimshuku mtu, alisema, mpe ndizi za moto, mwulize swali tonge likiwa mdomoni, halafu tazama koo. Nami nilikaa karibu na jiko nikikodolea makoo ya watu macho, nikitamani kuona hicho alichokuwa anakiona. Sikuwahi kuona kitu.

Kaka ndiye aliyemshinda. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika mpaka Tukuyu, naye akapanga chumba mjini, akawa anauza mashati juu ya turubai. Watu wakasema ameweka mwanamke. Baba akaapa: mwanamke atakayeingia kwa mwanawe kabla ng'ombe wa mahari hawajapelekwa, atamrudisha yeye mwenyewe kwao, mchana kweupe. Mama akampakulia kaka ndizi, akamwuliza. Kaka akameza taratibu, akasema chumbani mna marobota ya nguo tu, hata pa kulala ni shida. Mwongo mkubwa! Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na kaka yangu hajawahi kushika pasi tangu azaliwe.

Jumamosi moja akaja binti mmoja na mfuko wa sukari kutoka kwa kaka.

“Mimi mteja wake tu, mama. Nilikuwa napita kwenda kwetu Lufingo, ndiyo akanituma.”

Mama akamkaribisha, akampakulia. Yule binti alikuwa hodari jamani. Alikula, alimeza, alijibu kila alichoulizwa kwa adabu na bila kubabaika. Nikaona mama anaanza kulegea. Hata mimi nikaona haya kwa kumchunguza mgeni wa watu.

Mara baba akatokea njiani, panga mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe begani. Binti akaiacha sahani, akakurupuka, akaingia migombani, akachutama ametupa mgongo na kujifunika kitenge kichwani.

Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona anaacha njia na kujificha. Hamsalimii wala hamtazami. Mteja wa mitumba angesema shikamoo, basi, akaendelea kula. Nadhani alikuwa amejizoeza maneno yote njia nzima, hili likamponyoka.

Mama alibaki ameshika mwiko. Mimi nilimwonea huruma binti yule, maana baba hakuwa mtu wa kuapa bure. Alisimama. Akaitazama sahani, akaitazama migomba inayotikisika.

Sasa, baba mkwe naye ana wajibu wake: humkwepa mkwewe. Mwanamke asiye mkwe hakwepwi. Baba akakohoa kwa nguvu, akageuka, akazunguka nyuma ya zizi na mzigo wake, kwenye matope, njia ambayo hakuwahi kuipita.

Mama akangoja mpaka hatua zake zikapotea.

“Toka, mwanangu,” akaita. “Mkweo ameshapita.”