Bahari Yangu ya Ndosho

Goma ni mji ambao jiwe halinunuliwi. Ukichimba shimo la choo unakutana nalo, ukitaka ukuta unaliokota mbele ya mlango, na volkano ikikasirika inakuletea mengine bila kuyaagiza. Kwa hiyo siku niliporudi nyumbani Ndosho nimekumbatia tumbawe dogo ndani ya mfuko wa maji, mke wangu alilitazama, akanitazama na mimi, akauliza kwa upole uliotisha:

"Papa, umetoa makuta kununua jiwe?"

"Si jiwe. Ni munyama."

"Iko na mudomo?"

"Iko na midomo mingi."

"Basi tumeongeza watoto," alisema, akarudi jikoni.

Nilipomaliza shule ya sekondari nilikuwa nimeondoka kwenda kuona bahari, nikakaa huko miaka mingi kuliko nilivyoaga. Tanga, Bagamoyo, Mombasa: kila mahali nilifanya kazi ndogo, nikapazoea, nikaondoka. Kilichonibakia ni kumbukumbu ya maji yakitoka asubuhi na matumbawe yakijitokeza, na begi moja la safari. Begi hilo limesimama nyuma ya mlango wetu tangu tulipooana. Mke wangu anajua kwamba nikianza kulipangusa vumbi, nimeshaondoka nusu.

Tangi la vioo la kufugia tumbawe lilikuwa dawa yangu. Niliwaza kwamba mtu mwenye bahari sebuleni hana sababu ya kuifuata. Fundi vioo wa mtaani alinitengenezea, nikanunua taa, pampu na kipasha maji. Mke wangu alikubali, ila alisema neno moja huku akichambua majani ya sombe:

"Ile kitu ikikufa, najua utaenda tena."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Tumbawe nililipata kwa mtu wa Dar es Salaam anayeyakuza kwenye matangi yake na kuuza vipande. Kwa simu alinifundisha. "Kaka, tumbawe gumu halidai maji mazuri tu, linadai maji yaleyale. Joto lilelile, mwanga uleule, chumvi ileile. Linajijengea mifupa kwa chokaa iliyomo majini. Hakuna anayejenga kwenye kiwanja kinachohama." Maneno hayo aliniambia mimi, mtu ambaye ujana wake wote hakuwahi kukaa kwenye chumba kimoja mpaka mwenye nyumba akalijua jina lake.

Joto lilinitesa. Goma ina baridi, na umeme ukikatika kipasha maji kinazima. Pampu niliifungia betri ya gari, lakini tangi lenyewe nililifunika mablanketi, yale mazito.

"Jiwe iko inalala na blanketi," mke wangu aliwaambia majirani, "na sisi tunalala na baridi."

Chumvi haikunitesa hata kidogo, kwa sababu niliiachia ulimi. Muuzaji alinishauri ninunue kipimo. Nikamjibu kwamba mimi nimemeza bahari tangu kijana, sihitaji chombo cha kuniambia ladha yake. Kila asubuhi nilichovya kidole, nikalamba, nikafumba macho. Ikipungua ladha, niliongeza chumvi. Maji yenyewe yakipungua kwa sababu ya joto la taa, nilijazia maji ya chumvi, maana bahari hujazwa kwa bahari. Tumbawe likaanza kunywea. Nyama yake ikajivuta ndani, kingo zikapauka. Nikazidi kulamba.

Chumvi ikaniishia. Maji yalikuwa yameshuka tena, kiganja kizima, nikayaacha hivyo na kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kupokea mzigo wa chumvi kutoka Dar. Siku hiyohiyo mama mkwe wangu aliteremka kutoka Kibumba na viazi vyake. Kwao mvua inanyesha na kupotelea kwenye mawe, na maji huchotwa mbali. Mtu wa Kibumba hawezi kuona bomba linatoka na chombo kimekaa kitupu. Na siku hiyo bomba letu, lililonyamaza wiki nzima, likafunguka.

Nilikuta sufuria zimejaa. Mabeseni yamejaa. Termosi imejaa. Na bahari yangu imejaa mpaka ukingoni.

"Mukwe wangu," mama mkwe alisema kwa furaha, "ile kisanduku yako ya vioo ilipunguka. Nimekujazia. Bidoni muzima ya maji!"

Mama mkwe hagombezwi. Niliinamisha kichwa, nikasema, "Aksanti, mama." Kisha nikatoka nyuma ya choo, nikagombana na mawe ya huko.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mbele ya tangi.

"Imekufa?"

"Bado."

Akatazama begi nyuma ya mlango.

Nilifungua mzigo nichanganye chumvi upesi. Ndani nilikuta kipimo, ambacho muuzaji alikitia bila kuniuliza. Vizuri, nikasema, nitapata ushahidi. Nikapima. Hata baada ya bidoni zima, chumvi ilikuwa bado juu ya mstari wa maji ya bahari. Nikapima tena, kisha nikampigia muuzaji.

"Maji yakipungua ulikuwa unajazia nini?"

"Maji ya chumvi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, yanayopaa ni maji. Chumvi inabaki. Unatakiwa kujazia maji matupu, yasiyo na chumvi! Wewe ulikuwa unalipika tumbawe huku unalionja."

Akaniagiza niendelee na maji matupu, lakini kikombe kwa kikombe, si bidoni kwa bidoni. Nikaitii amri hiyo kuliko nilivyowahi kumtii mwalimu yeyote. Siku kadhaa zikapita tumbawe likiwa limejifunga. Kisha asubuhi moja mke wangu aliniita.

"Papa! Jiwe yako imefungua midomo!"

Ilikuwa kweli. Vidole vyake vidogo vilikuwa vinapunga majini. Mama mkwe alisogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Ilikuwa na kiu tu," alisema.

Sikubisha. Nilichovya kidole kwa mazoea, nikalamba. Ladha ilikuwa hafifu, si bahari ninayoikumbuka hata kidogo. Labda ile ya kumbukumbu nami nimekuwa nikiiongezea chumvi miaka yote.

Jioni nilitafuta begi langu nyuma ya mlango, nilipanguse tu, wallahi, vumbi lilikuwa limezidi. Halikunyanyuka. Mama mkwe alikuwa amelikuta tupu, akalijaza viazi.