Ng'ombe Hawaigizi

Ukame ulipommalizia Baba kundi lake, nilimchukua nikamleta Garsen, kwenye chumba changu nyuma ya soko. Alilala kitandani mchana kutwa, chakula akikigusagusa tu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamlilia. Wapi!

Kilichomwinua ni televisheni. Jumapili moja alasiri walirudia mfululizo wa zamani wa wachunga ng'ombe wa Marekani, wale wa kofia pana na bastola kiunoni. Baba akasikia ng'ombe wakilia, akaketi. Akaomba maziwa. Tangu hapo akawa anaishi Jumapili hadi Jumapili, mimi nikimfasiria Kiingereza, ingawa maneno ya wale wanaume hayakumshughulisha hata kidogo. Yeye alitazama mbavu. "Huyu ana mimba. Yule mwenye doa jeupe anachechemea, na hao wapumbavu hawajaona."

Nilimweleza kwamba ni maigizo. Akanicheka.

"Watu ndio wanaoigiza, mwanangu. Ng'ombe haigizi. Akiwa na kiu, ana kiu."



Basi kipindi kimoja kikaisha kundi zima likiwa hoi, mto unaonekana kwa mbali, ndama wanaanguka. Wiki nzima Baba hakuwa na raha. Kila asubuhi aliniuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Siku ilipokaribia akawaalika wazee wawili wa rika lake, waliopoteza mifugo kama yeye, waje waone wale ng'ombe wakinywa maji. Nilikaanga buni za kahawa kwa samli, kama tunavyowakaribisha wageni wa heshima. Baba alioga, akavaa kikoi safi, akaketi mbele. Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani nimempata baba yangu tena.

Kikaanza. Baa. Karata. Ngumi, viti vinavunjwa. Mwanamke wa gauni refu analia, mwanamume wa kofia anambembeleza, na kubembelezana kwenyewe hakuishi. Tulitafuna buni. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama ng'ombe wako nyuma ya ile nyumba.

"Wanakuja," Baba akamwambia.

Hakuja hata ndama. Ahadi ni deni, lakini si kwa watu wale. Waliotunga upuuzi ule, naapa, hawajawahi kufiwa na ng'ombe. Kwao kundi ni pambo tu la nyuma ya farasi.

Mwisho kabisa mkuu wa wachungaji akaegemea kaunta, akagugumia pombe yake, akasema neno moja la haraka.

"Amesemaje?" Baba akauliza.

"Amesema ng'ombe walifika mtoni salama. Wote wamekunywa."

Muziki ukapigwa, kikaisha. Baba aliendelea kukitazama kioo.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," akasema.

Wazee wakainamisha vichwa. Walijua. Kaka yangu ndiye aliyeliswaga kundi kwenda kutafuta malisho upande wa delta, na kila Baba alipompigia simu alijibu kwamba wamefika, wamekunywa, usiwe na wasiwasi. Alikuwa akimhurumia. Baba akawa anamshukuru Mungu kwa ng'ombe ambao tayari walikuwa chakula cha tai.

Niliizima televisheni na kuwatukana wenye filamu ile matusi ambayo binti hayatamki mbele ya wazee. Hakuna aliyenikanya.

Jumapili iliyofuata niliiwasha tena. Ng'ombe walikuwepo, wengi, wamenona, wanatembea taratibu kwenye nyasi ndefu. Baba akanipungia mkono nizime.

Siku hizi anakula, si haba, na anatoka kuketi kibarazani. Kwetu mtu hajaamkiwa mpaka aulizwe habari za mifugo yake. Wageni wakija, Baba anawauliza habari za watoto, anawauliza habari za mvua, kisha ananyamaza.