Msumeno Usiojua Kusukuma

Babangu alikuwa mpasuaji mbao kule Ikonge, na kwake nilirithi vitu viwili: mdomo na tupa. Mdomo nilizaliwa nao. Tupa, ile ya kunolea msumeno, alinipa nilipoolewa Tabaka, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Alisema nitaihitaji, ingawa hakujua kwa kazi gani.

Tabaka ni nchi ya mawe laini, yale meupe na ya waridi ambayo watu huyachonga bakuli na wanyama. Mume wangu alikuwa na shimo lake nyuma ya migomba, na jiwe alilipasua kwa shoka. Siku ya kwanza kumwona akilipasua niliudhika. Anapiga, jiwe linapasukia linakotaka lenyewe, nusu yake inakuwa kifusi.

"Jiwe hili ni laini kuliko mbao za babangu," nikamwambia. "Likate kwa msumeno."

"Nenda kapike, fundi," akasema.

Haya basi. Nilipika, halafu nikatengeneza msumeno. Niliokota ukanda wa chuma uliokuwa umefunga pipa kuukuu, nikaunyoosha kwa nyundo, nikauchonga meno kwa tupa, jino moja moja, wiki nzima, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikatia mpini wa mti kila upande. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu! Nilikuwa nimechonga meno ya kukata mbao, yamesongamana, yakajaa unga wa jiwe na msumeno ukakwama. Nikayapunguza, nikayapinda moja kushoto moja kulia ili yapanue njia, nikamwagia maji. Ukakata. Lakini ukanda ulikuwa mwembamba, na ukiusukuma unajikunja. Ulijua kuvuta tu. Kwa hiyo ulitaka watu wawili wanaotazamana, huyu akivuta yule analegeza.

Mume wangu aliuvuta mara tatu akauweka chini. "Msumeno wa watu wawili! Na nisipokuwepo utavuta na nani? Na baba?" Akacheka mpaka akakaa.

Mgusii yeyote angecheka naye. Kwetu, mwanamke na baba wa mumewe wana ensoni. Waswahili wana neno lao, soni, na aibu ni ile ile, ila kwetu ni sheria. Baba mkwe wangu alikuwa mjane, nyumba yake ng'ambo ya ua, nami sikuingia humo hata siku moja. Sikumpa mkono. Tukikutana njiani mmoja wetu alipita majanini. Akiwa na neno nami aliuambia ukuta: "Ewe ukuta, kuna mtu amesahau kufunga ndama." Nami niliwajibu kuku: "Enyi kuku, ndama amefungwa tangu asubuhi." Tuliishi hivyo miaka mitatu bila kukosana, na bila kuonana macho.

Ikaja Jumamosi moja ya mvua. Majirani zetu wote ni Wasabato, walikuwa kanisani. Sisi Wakatoliki tulikuwa kazini. Nikasikia mlio shimoni kama gunia linaanguka, halafu mume wangu akiita jina langu. Nilipofika, jiwe kubwa lilikuwa limeteleza kutoka ukutani mwa shimo, na pembe yake imemkalia mguu juu ya kifundo. Hata watu wawili wasingeliinua. Kulibingirisha kwa gogo kungelimletea kifuani.

Baba mkwe alikuja mbio na shoka. Akapiga pembe ile mara moja. Mume wangu alitoa ukelele ambao sitaki kuusikia tena, maana pigo lilipita jiweni likaishia kwenye mfupa, na jiwe likashuka kidogo.

"Acha, baba! Utanikata mguu!"

Nilikimbia nyumbani nikarudi na msumeno. Mzee aliutazama, akatazama chini, kisha akatupa shoka. Tuligongomea magogo chini ya jiwe lisishuke zaidi. Akashika mpini wa pili, akageuza uso kwenye migomba, tukaanza.

Lakini anayevuta bila kutazama huvuta kombo. Alivuta nisipolegeza, akalegeza nilipovuta. Ukanda ukapinda, ukalia. Ukikatika sina mwingine, na mguu wa mume wangu umeanza kugeuka rangi. Yeye mwenyewe amelala pale matopeni, kibuyu mkononi, anamwagia maji njia ya msumeno alioucheka. Hasira zikanipanda.

"Baba!" nikasema. Kwa baba, si kwa kuku. "Nitazame mimi! Hiyo migomba haina mguu! Soni itamfaa nini mwanao akiwa kiwete?"

Akageuka. Mungu wangu, yalikuwa macho ya mume wangu yale yale, na yalikuwa yanalia.

Tukavuta. Nilivuta yeye akaachia, akavuta nami nikaachia, hatukuondoleana macho hata mara moja. Pembe ikakatika. Tukaiinua pamoja, tukauchomoa mguu. "Chezesha vidole," nikamwambia mume wangu. Vikacheza, vyote vitano. Nikaketi topeni nikalia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa sauti, raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," nikamwambia.

"Hata leo unanisema?"

"Leo hasa!"

Mfupa ulikuwa umevunjika, lakini uliunga. Mahindi yalipokomaa alikuwa anatembea na fimbo. Jiwe lenyewe bado liko uani, tunalikalia. Ukilitazama utaona mkato unaanza kombo, upana wa viganja viwili, halafu unanyooka. Hapo ndipo aliponitazama.

Wazee wa ukoo walimuuliza baba mkwe kama hatachinja mbuzi kusafisha jambo lile la kutazamana. "Kati yetu palikuwa na jiwe," akawajibu. "Ukuta ni ukuta." Akarudi kuzungumza na kuta, nami na kuku, na nikashukuru, maana nilikuwa nimeogopa nimeharibu nyumba nikiokoa mguu.

Asubuhi moja nikaukuta msumeno mlangoni pangu. Mtu alikuwa amepinda tawi gumu kama upinde, akaufunga ukanda ndani yake ukakaza. Mpini ulikuwa mmoja. Sasa ungeweza kuvuta na kusukuma, na ungemtosha mtu mmoja, bila kutazamana na yeyote. Nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba.

"Ewe ukuta, mwambie fundi msumeno wake hauhitaji mtu wa pili tena."

Nikasikia hatua mbili tatu zikienda. Nikadhani ameondoka.

"Lakini akikwama, aite. Nitamtazama."