Nywele za Mhadhiri

Wateja walimwita Vidole, kwa jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi wa kusuka. Asubuhi alisuka saluni, mchana alisoma chuoni, na chakula alikula akipata upenyo. Siku ya mtihani wa mwisho, aliyekuja kuketi kwenye kiti chake alikuwa mhadhiri wake mwenyewe.

Alipomaliza kusukwa, mhadhiri alijitazama kwenye kioo akakunja uso. "Mistari ya nyuma imepinda. Fumua, anza upya."

"Mwalimu, mtihani umekaribia."

"Si ni wangu? Nani atauanza bila mimi?"

Vidole akashusha pumzi. Akafumua, akasuka tena mpaka viganja vikawaka moto. Mhadhiri aliridhika, akaingia kwenye gari lake. Vidole alipoomba lifti, mama yule alitabasamu. "Tukionekana pamoja watasema nakupendelea, mwanangu." Akaondoka.

Vidole alitimua mbio njia nzima, aproni ya saluni bado kiunoni. Alimkuta mhadhiri ndiyo kwanza anafunga mlango wa ukumbi.

"Umechelewa."

"Mwalimu, si nilikuwa na wewe!"

"Wenzako wamewahi. Ukitaka kusuka, suka. Ukitaka kusoma, soma." Wanafunzi wa viti vya mbele wakaangua kicheko, na mlango ukafungwa.

Ikabidi asubiri mwaka mzima, bila masomo, ndipo aurudie mtihani. Mwenye saluni alipopata habari, hata huruma ya kuigiza hakuwa nayo.

"Kumbe sasa utashinda hapa kutwa!" alisema kwa furaha, akamwita mteja aliyefuata.