Sinema ya Wanawake Waliosimama

Chuo kikuu kilinifundisha mengi kuhusu filamu, na karibu yote yaliwahusu watu waliokwisha kufa katika nchi za theluji. Ilikuwa miaka ya themanini. Tulikaa Nairobi katika darasa lenye mapazia meusi, tukijadili vivuli. Kamera yenyewe tuliiona kwa zamu, kama mgonjwa anavyomwona daktari wa hospitali ya serikali. Mhadhiri wetu, aliyesomea Ulaya na kuvaa skafu hata mwezi wa Februari, alikuwa na amri moja kuu: mtengenezaji filamu wa kweli haingilii uhalisia. Anaweka kamera, anaiwasha, ananyamaza. Uhalisia utakuja wenyewe.

Nyumbani, kwenye vilima vya juu ya Emali, hakuna aliyejua ninasomea nini. Watoto wa wengine walisomea ualimu au udaktari wa mifugo, mambo yanayoeleweka. Mama akiulizwa kanisani alijibu, "Anasomea mambo ya picha," kisha akageuza maneno yakawa ya mvua. Aliyemsumbua zaidi alikuwa jirani yetu, mwimbishaji wa mwethya, yaani kile kikundi cha wanawake wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Mwanamke huyo alikuwa na sauti ya kufukuza nyani kilima cha pili, na ulimi uliostahili sauti hiyo.

"Mama ya msomi," alikuwa akimwita mbele ya watu, "huyu kijana atarudi na kazi gani? Kutupiga picha za kitambulisho?"

Basi mwaka wa mwisho, tulipoambiwa kila mtu atengeneze filamu yake, nikaamua kuwapiga filamu hao hao wa mwethya wakichimba. Idara ilinipa kamera ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, mikanda miwili isiyofika dakika tatu kila mmoja, na baraka zake. Kinasa sauti sikupata. Kilikuwa kwa mwenzangu aliyekwenda msituni kurekodi ukimya.

Wanawake walikubali, ila mwimbishaji akaweka sharti.

"Watu wanakuja hapa na makamera, wanatupiga, wanaenda nayo. Hatujawahi ona hata picha moja ikirudi. Wewe utaileta tuione. Na isiporudi, tunajua nani wa kuuliza."

Akamtazama mama. Mama akasimama mbele ya kikundi kizima akasema, "Italetwa. Nimesema mimi."

Kwetu neno la namna hiyo si mchezo. Ukilivunja mbele ya mwethya utatungiwa wimbo, na wimbo huo utawazika hata wajukuu wako.

Siku ya kupiga filamu nilifika shambani mapema, nikatafuta mahali pazuri pa kuweka miguu ya kamera. Wanawake wakaja. Walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, vitambaa vyeupe kichwani, viatu vimepakwa mafuta. Wakajipanga mistari miwili, wafupi mbele, mikono imenyooka ubavuni, mwimbishaji katikati. Nikakumbuka amri ya skafu: usiingilie. Nikawasha.

Wakaganda.

Kosa halikuwa lao. Kamera waliyoizoea ni ya mpiga picha wa studio pale Emali, aliyewafokea miaka yote wasipumue, wasipepese, wasionyeshe meno, la sivyo picha itatetemeka na hela hazirudi. Mimi nilikuwa nangojea uhalisia, wao walikuwa wanangojea nimalize. Ufunguo ukaisha, nikazungusha tena. Ukaisha, nikazungusha tena. Mbuzi mmoja akakatiza nyuma yao bila haraka, na huyo ndiye aliyekuwa mwigizaji pekee niliyempata siku ile.

"Umemaliza?" mwimbishaji akauliza bila kusogeza midomo.

"Mkanda umekwisha."

Wakapumua wote kwa pamoja. Wakavua zile nguo nzuri, wakafunga leso, wakashika majembe. Na hapo ndipo ilipoanza filamu niliyoitaka: vumbi, majembe yakipanda na kushuka pamoja, mwimbishaji akitupa mstari na wengine wakiudaka. Nikakimbilia mkanda wa pili.

"Wewe!" mwimbishaji akaniita. "Shamba la leo ni la nani?"

"Letu," nikajibu.

"Na mwenye shamba anasimama akiangalia wenzake wakichimba? Hata mchungaji akikuja kutuombea, anachimba kwanza. Shika jembe."

Nilimtazama mama anitetee. Mama akanipa jembe lake la pili.

Nilichimba hadi malengelenge yakapasuka, na mwimbishaji akanitungia wimbo papo hapo: msomi ashika jembe kama kijiko cha uji, tulimpeleka shule ya mbali, akajifunze kusimama. Waliuimba wote kwa furaha kubwa. Waliponiachilia, kazi ilikuwa imekwisha nao wanakwenda zao. Mkanda wa pili nikapiga tuta tupu, ambalo nalo, kwa uhodari wa kipekee, halikusonga.

Filamu ikapelekwa ng'ambo kuoshwa, ikarudi, ikaonyeshwa darasani. Nilijua nimeanguka. Taa zilipowashwa, mhadhiri alikuwa amefumba macho. Akasema ni kauli ya kijasiri juu ya ukimya wa mwanamke wa kijijini. Ukimya! Wale wanawake? Nikaitikia kwa unyenyekevu, nikapewa alama za juu kuliko yule wa msituni, na mwishowe nikavishwa joho.

Lakini kuipeleka nyumbani, hapo nilishindwa. Ningeanzaje kuwaonyesha sinema isiyosogea, baada ya miaka yote ile ya kusoma? Nikatafuta visingizio, na kila likizo mama akawa mfupi zaidi wa maneno. Wenzake walikuwa wanamuuliza kila Jumapili. Siku moja akaniambia, "Umeniacha uwanjani peke yangu, mwanangu." Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na kabla sijajipanga, mwimbishaji akashikwa na homa. Haikupita wiki, tukamzika.

Nikaazima mkanda idarani, na projekta ya misheni iliyozoea kuonyesha habari za Yesu tu. Tukaziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi mchana kweupe, tukatundika shuka ukutani. Mwethya wote wakaja. Binti wa marehemu alikaa mbele na kitoto chake cha kike kilichoanza tu kusema, kilichopewa jina la bibi yake. Mama alikaa peke yake kando, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri hukumu. Nami nikawasha, nikingoja kuchekwa.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa pale shukani, wakubwa kuliko walivyo, mistari miwili, na yeye katikati akitutazama usoni. Picha yake nyingine pekee iliyobaki ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Hapa hakupepesa, hakugeuka, hakuondoka. Kila mtu alipata muda wa kumtazama mpaka akatosheka. Nilijikuta nalia, na sikujificha.

Binti akamwinua mtoto juu ya kichwa chake. "Muone wajina wako," akamwambia. Mbuzi akapita. Mkanda ukaisha.

"Rudisha," binti akasema.

Nikaurudisha. Projekta ilikuwa ikinguruma, picha haina sauti, na yeye pale ukutani amefunga mdomo jinsi asivyowahi kuufunga akiwa hai. Kutoka viti vya nyuma mtu akaanza ule wimbo wa kijiko cha uji, taratibu. Wengine wakaudaka. Walikuwa wakimwimbia yeye, kwa kunitukana mimi.

Nikamtafuta mama gizani. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, macho kwa rafiki yake pale shukani, akiimba kuwashinda wote kwamba walinipeleka shule ya mbali, nikajifunze kusimama.