Akiba ya Sura za Mwisho

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wenzake walimwita Profesa, na usidhani walimpa jina hilo kwa heshima. Alikuwa mpiga pasi, mtu wa kusimama kutwa nzima mbele ya mashine ya mvuke akinyoosha mashuka yasiyokwisha. Ikifika saa ya mapumziko, wenzake walipiga soga au walijinyoosha wakasinzia. Yeye alijibanza nyuma ya marundo ya nguo, akavua viatu, akaiacha miguu iliyovimba ipumue, kisha akafungua kitabu cha maktaba.

"Profesa, leo wamekufa wangapi humo?"

"Mmoja tu. Na alistahili."

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa na mambo yake, mama huyu. Hakugusa kitabu kabla ya kunawa mikono na kuikausha barabara. Mtu aliyekunja kona ya ukurasa alimhesabu pamoja na wezi wa kuku. Akitoka kazini alipitia maktaba iliyokuwa juu ya ofisi za maji, akipanda ngazi kwa kushika ukuta, na pale katikati ya makabati yaliyonukia vumbi na gundi kuukuu, uchovu wote ulimshuka mabegani. Wakati mwingine hakusoma chochote. Alikaa tu kwenye benchi la karibu na dirisha mpaka mkutubi aanze kufunga madirisha.

Lakini tabia yake kubwa ilikuwa nyingine. Kitabu alichokipenda kupita kiasi, hakukimaliza. Alikisoma mpaka ukingoni mwa sura ya mwisho, akaweka hapo kipande cha shuka kuukuu, akakaa nacho nyumbani mpaka siku ya kukirudisha. Hakupenda ule ukiwa unaobaki hadithi ikiisha, nyumba inapokuwa kimya kama wageni wameondoka wote kwa mara moja. Akajiambia kwamba siku akistaafu, atakaa pale dirishani na kuzisoma sura zote za mwisho, moja baada ya nyingine, bila kengele ya kumrudisha kwenye mashine. Wengine waliweka akiba benki. Yeye alijiwekea miisho. Ukiniuliza mimi, huo ulikuwa ujinga ambao ni mtu mwerevu tu anayeweza kuufanya.

Akastaafu. Kwanza akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika. Kisha binti yake akajifungua, naye Profesa akaletewa wajukuu awalee. Alipopata nafasi ya kukaa chini, herufi zilikuwa zimeanza kuogelea. Alibadilisha miwani, akabadilisha taa, akawalaumu wachapishaji kwa ubahili wa wino. Hatimaye akaenda kwa daktari wa macho.

"Ni presha ya macho, mama," daktari alisema. "Kilichopotea hakirudi. Haya matone yatachelewesha tu kilichobaki."

"Na kusoma?"

"Soma sasa. Usingoje."

Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye ngazi za maktaba. Alikuwa na haraka ya mtu anayefukuzana na mvua, maana alichokuwa anataka duniani sasa kilikuwa kimoja: azipate sura zake kabla ya giza. Mkutubi, aliyemfahamu tangu yeye mwenyewe hana mvi, hakuuliza maswali. Aliingia stoo na kutoka na kikapu kizima cha vitabu alivyowahi kuazima mama huyu.

"Taratibu, mama. Hakuna anayekufukuza hapa."

"Yupo, mwanangu," Profesa alisema, akakaa dirishani.

Alianza na kile alichokipenda kuliko vyote, hadithi ya mkunga na kaka yake. Alikumbuka vizuri alivyolia juu ya kitabu hicho, machozi yakadondokea mashuka ya wodi ya wazazi. Akafungua sura ya mwisho, akakisogeza kitabu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Mtu alikuwa anabisha hodi. Mtu mwingine alikataa kufungua. Kulikuwa na sanduku, na kila aliyekuwa chumbani alilitazama kwa hofu. Sanduku gani? Anayebisha ni nani? Alisoma tena kutoka juu, jicho linauma, na majina yalipita mbele yake kama watu wa stendi. Akachukua kitabu cha pili. Huko kulikuwa na harusi, na hakumjua bibi harusi. Cha tatu hakukimaliza hata ukurasa.

Akaelewa. Miisho ilikuwepo yote, salama, kama alivyoiacha. Mianzo ndiyo iliyokuwa imemtoka. Kukasirika alikasirika, tena vibaya, na hakuwa na wa kumkasirikia ila yeye mwenyewe. Akaomba kile cha mkunga tu, akashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Mumewe alikuwa kibarazani, anatengeneza mguu wa kiti. Mzee huyu alikuwa fundi seremala, na maisha yake yote hakuna aliyemwona na kitabu. Mkewe akajitupa kwenye kiti kizima, akamweleza yote.

"Kile cha mkunga?" mzee akasema. "Kaka mtu harudi. Anayebisha ni mpangaji."

Mama akageuka. "Umejuaje?"

Mzee akaendelea kupiga msasa. "Si ulikuwa unaviacha mezani na kitambaa ndani. Mimi nilikuwa nafungua hapo penye kitambaa."

"Vyote?"

"Vingi. Nilikuona unalia, halafu unafika mahali unaogopa kuendelea. Nikasema, ngoja niangalie kuna nini huko mbele. Kama kuna baya, nijue."

Mama akaitazama mikono yake iliyojaa unga wa mbao. Miaka yote alimhesabu mzee huyu kuwa mtu wa mbao na misumari tu, na alimwonea huruma kidogo, nisifiche, na dharau kidogo pia.

"Sasa na wewe niambie," mzee akasema. "Hilo sanduku lilikuwa na nini? Limenisumbua siku nyingi sana."

"Nimesahau, baba watoto."

"Aa!"

"Nimesahau kabisa."

Wakatazamana, wakacheka kicheko cha watu waliochoka, wasio na nguvu hata ya kucheka vizuri. Kisha mzee akafuta mikono kwenye suruali, akakichukua kitabu mapajani mwa mkewe. Hakunawa. Unga wa mbao uliganda kwenye jalada. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole, akipita nukta kana kwamba hazipo, akikata sentensi pasipokatika. Aliwafanya watu wote, mkunga kwa daktari, waongee kama mafundi wanaogombea kipimo cha ubao.

Mkono wa mama ulinyanyuka wenyewe kumpokonya. Lakini akiutazama ule ukurasa kutoka pale alipokaa, aliona weupe tu. Akaurudisha mkono mapajani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Rudia hapo," alisema. "Polepole. Sijakusikia."